Ini Likinyamaza, Ubongo Husikia

Somo la sayansi, na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu sikuleta shairi wala kitendawili. Nimeleta somo. Najua baadhi yenu mmeshaanza kutafuta ukurasa wa vichekesho, lakini nawaomba mnivumilie kidogo, kwa sababu somo lenyewe lilianzia bwenini mwetu asubuhi moja, na mimi ndiye niliyekuwa na makosa.

KISA CHENYEWE

Nina rafiki ambaye kitanda chake kinapakana na changu. Hapa nitamwita Jirani, naye amenipa ruhusa nisimulie. Jirani ana ugonjwa wa kisukari, ule wa aina ya kwanza ambao kongosho la mgonjwa halitoi insulini, kwa hivyo yeye hujidunga sindano kila siku. Jioni moja tulicheza mechi ya bweni kwa bweni, naye alikimbia winga ya kulia mpaka filimbi ya mwisho. Chakula kilikuwa githeri. Alikula vijiko viwili vitatu, akasema amechoka, akaenda zake kulala.

Asubuhi kengele ilipolia, nilimwona ameketi kitandani akilazimisha kiatu cha kushoto kiingie mguu wa kulia. Nikamwuliza, "Vipi bwana, leo umeamkia upande gani?" Akanitazama kama mtu asiyenijua, akanijibu maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Nilicheka. Tena si kucheka peke yangu, niliwaita na wengine: "Njooni mwone sinema ya bure!" Mmoja akasema ati Jirani amelewa chang'aa. Tukacheka zaidi. Dakika zikapita, mpaka kiranja wa bweni akaingia, akamtazama mara moja tu, akatimka mbio kumwita muuguzi wa shule.

Muuguzi alichukua tone la damu kidoleni, akalipima. Sukari ilikuwa 2.1. Kwa mtu mzima wa afya aliyeamka bila kula, kipimo hicho huwa kati ya 4 na 5.5 hivi, kwa hesabu ya milimoli katika lita moja ya damu. Kwa kuwa Jirani bado aliweza kumeza, alinyweshwa maji ya sukari. Baada ya robo saa akauliza, "Mbona mmenizunguka kama nzi?" Safari hii hakuna aliyecheka.

Jioni yake aliniambia jambo lililoninyima usingizi. Alisema, "Zamani sukari ikishuka, nilikuwa natetemeka, jasho linanitoka, moyo unadunda. Nilikuwa najua. Siku hizi hakuna anayeniambia."

Hakuna anayeniambia! Nikajiuliza: kwani zamani alikuwa akiambiwa na nani?

Kuuliza si ujinga. Nilipeleka swali kwa mwalimu wa Bayolojia. Akasema sehemu kubwa ya jibu haimo katika silabasi ya mtihani, lakini akaniazima vitabu na makala, akakaa nami jioni kadhaa. Mwalimu mlezi naye aliposikia, akaniambia niandike nilichokipata, tena kwa Kiswahili. Mtakumbuka kuwa katika mdahalo wetu wa muhula wa kwanza kuna msemaji aliyedai kuwa Kiswahili hakina maneno ya kuelezea ubongo. Haya basi, ndugu msemaji, jibu lako ndilo hili.

BOHARI NA LANGO LAKE

Ini liko upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu, na kwa mtu mzima huwa na uzito wa kilo 1.5 hivi. Waswahili tangu zamani wamelihusisha ini na hisia za ndani. Neno chungu tunasema linakata maini. Katika sayansi ini ni bohari. Tukila, sukari inayozidi huhifadhiwa humo kama glikojeni. Tukikaa na njaa, ini huivunja glikojeni hiyo na kuirudisha damuni kama glukosi. Ndiyo maana unaweza kulala usiku kucha bila kula na bado ukaamka ukijua jina lako.

Bohari hii hupokea damu kwa milango miwili. Mmoja ni ateri itokayo upande wa moyo. Wa pili, na ndio mkubwa, ni vena potali, yaani vena ya lango. Yapata robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini hupitia lango hili. Vena hii hukusanya damu kutoka tumboni, katika utumbo, kongosho na wengu. Kwa hivyo sukari ya chai na mandazi uliyokula saa nne, ikishafyonzwa na utumbo, hupita hapa kabla ya kufika moyoni na kusambazwa mwilini.

Sasa fikiria shule yetu. Kama ungetaka kujua mapema iwapo lori la unga limefika, ungemweka mtu wapi? Jikoni? La hasha. Ungemweka getini. Mwili nao ulifanya vivyo hivyo. Katika kuta za vena potali na sehemu zinazopakana nayo kuna ncha za neva zinazopima damu inayopita. Hao ndio mabawabu wetu.

NEVA INAYOZURURA

Neva inayotuhusu zaidi inaitwa vagasi. Ni jozi ya 10 kati ya jozi 12 za neva za kichwa. Jina lake limetokana na Kilatini, na maana yake ni mwenye kuzurura. Kweli huzurura: hutoka kwenye shina la ubongo, hushuka shingoni, hupita kifuani kwenye moyo na mapafu, huingia tumboni, na njiani hutoa matawi. Tawi moja ndilo huelekea kwenye ini.

Nilipoanza kusoma nilidhani kazi ya neva hii ni kupeleka amri kutoka juu. Kumbe sehemu kubwa ya nyuzi zake hupeleka habari kutoka chini kwenda juu! Ni kama ofisi ya mwalimu mkuu ambayo kwa kila barua moja inayotoka, huingia kadhaa.

Chembe zenye nyuzi hizo za habari zina umbo la ajabu. Mwili wa chembe umekaa katika kifundo kidogo shingoni, karibu na fuvu. Kutoka hapo mkono mmoja hushuka mpaka kwenye lango la ini, na mkono wa pili hupanda kuingia katika shina la ubongo. Ni chembe moja yenye mikono inayofika mbali kote kuwili.

Nyuzi hizi nyingi ni nyembamba na hazina ile ala ya mafuta inayoharakisha ujumbe. Mwendo wake ni kama meta 1 kwa sekunde. Wacha tupige hesabu. Kama kutoka kwenye ini hadi shina la ubongo ni nusu meta hivi, ujumbe utachukua nusu sekunde. Polepole ukilinganisha na neva za misuli ya mguu wa mchezaji, lakini sukari yenyewe lazima ipite kwenye ini, moyoni, mapafuni, irudi tena moyoni, ndipo ipande kichwani. Habari ya mzigo hutangulia mzigo.

WALIOTEGA SIKIO

Mfaransa Claude Bernard ndiye aliyefungua ukurasa. Mwaka 1849 alidunga sindano katika sehemu fulani ya chini ya ubongo wa sungura, na muda si muda mkojo wa sungura huyo ukawa na sukari. Hapo ikajulikana kuwa shina la ubongo lina neno katika mambo ya sukari. Mwaka 1857 Bernard huyo huyo alitenga glikojeni kutoka kwenye ini.

Mwaka 1963 Mauricio Russek wa Mexico alipendekeza kwamba ini lina vipokezi vya glukosi vinavyochangia kuamua mnyama ale kiasi gani. Lakini pendekezo bila ushahidi ni kama madai ya mdahalo. Aliyetega sikio kwenye neva yenyewe ni Akira Niijima wa Japani. Katika kazi aliyoitoa mwaka 1969, na nyingine mwaka 1982, alitumia simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaofanana na panya mnene. Alishika nyuzi za tawi la ini la neva vagasi, akazisikiliza kwa vyombo vya umeme, kisha akaongeza glukosi katika damu ya vena potali.

Je, unafikiri mipigo ya neva iliongezeka? Hata mimi nilidhani hivyo. Mwalimu aliponiuliza, nilijibu kwa sauti ya kujiamini, nikakosa. Mipigo ilipungua! Sukari ikizidi langoni, neva huenda ikinyamaza. Sukari ikipungua, neva hupiga kwa haraka.

Rudi getini kwa bawabu wetu. Mpe kile kipande cha reli tunachokitumia kama kengele. Bohari likiwa tupu anagonga ko-ko-ko-ko bila kupumzika. Malori yakianza kuingia anagonga ko… ko… ko… Mwalimu wa zamu hahitaji kutoka nje. Anahesabu tu mapigo. Kelele zikipungua, anajua mzigo umefika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapa, kimya chenyewe ndiyo habari.

CHEMBE ZA SHINA LA UBONGO HUJIBUJE?

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo, kwa hivyo kaa vizuri.

Shina la ubongo ni ile sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo. Sehemu yake ya chini kabisa inaitwa medula. Humo kuna safu ya chembe za neva inayoitwa kiini soliteri, na neno soliteri maana yake ni pweke, kwa sababu chembe hizo huzunguka bunda moja la nyuzi lililojitenga. Hapa ndipo nyuzi za vagasi hufikia. Kwa hivyo kiini soliteri ndicho mwalimu wa zamu wetu.

Mpigo wa umeme ukifika mwisho wa uzi, hauruki kama cheche. Kati ya uzi na chembe inayofuata kuna upenyo mwembamba, unaoitwa sinapsi. Uzi humwaga kemikali iitwayo glutameti. Kemikali hii hushikana na vipokezi vya chembe ya upande wa pili, milango midogo ikafunguka, chaji za umeme zikaingia. Mpigo mmoja kwa kawaida hautoshi. Chembe hujumlisha. Ikifika kiwango chake, nayo hupiga. Isipofika, hukaa kimya.

Watafiti walijuaje? Walimlaza panya usingizi wa dawa, wakaingiza katika shina la ubongo wake sindano ya kioo nyembamba mno, ambayo ncha yake huweza kusikia chembe moja tu. Kisha wakaingiza glukosi katika vena potali na kuhesabu mipigo. Kutokana na majaribio ya namna hii, na mengine yaliyofuata, nimekusanya mambo manne.

Kwanza, kuna chembe zinazofuata mwendo wa neva ya ini. Neva ikipunguza mipigo, nazo hupunguza. Hili ni jepesi: aliyekuwa akizisukuma amelegeza mkono.

Pili, neva ikipunguza mipigo, chembe nyingine zinaweza kuongeza yake. Msishangae. Ndani ya kiini soliteri kuna chembe ambazo kazi yake ni kuwazuia wenzake. Mzuiaji akinyamazishwa, aliyekuwa amezuiwa hupata nafasi ya kusema. Ni kama kiranja wa nidhamu akitoka darasani: kimya chake kinaleta kelele za wengine.

Tatu, na hili ndilo lililonifurahisha zaidi, baadhi ya chembe hizi hazisubiri kuambiwa tu. Zinaonja zenyewe. Mwaka 1984 Adachi na wenzake wa Japani walitoa taarifa kuwa ujumbe wa glukosi kutoka langoni mwa ini hufika kwenye chembe za kiini soliteri ambazo zenyewe hubadili mipigo zikiwekewa glukosi papo hapo zilipo. Yaani mwalimu wa zamu anasikia kengele ya getini, na pia anachungulia sahani iliyo mezani kwake. Anapata habari mbili: kinachokuja na kilichokwisha fika. Akizilinganisha anajua kama ugali uko njiani au umeshaliwa.

Nne, kiini soliteri hakisikilizi ini peke yake. Tumbo likijaa na kunyooka hutuma habari kwa vagasi hiyo hiyo. Utumbo ukipata mafuta hutuma yake. Chembe moja inaweza kupokea kutoka kwa zaidi ya mmoja. Ndiyo maana jibu lake kwa ujumbe wa ini si lile lile kila saa. Mtu aliyejaza tumbo maji na mtu aliyejaza tumbo uji hawapeleki taarifa moja. Chembe ya shina la ubongo hufanya kazi ya hakimu: husikiliza mashahidi wote kabla ya kutoa hukumu.

HUKUMU INAYOTOLEWA

Hukumu huenda wapi? Jirani kabisa na kiini soliteri kuna kundi la chembe zinazotuma amri kurudi tumboni kwa njia ya vagasi. Niijima alionyesha kuwa glukosi ikiongezeka katika vena potali, neva ya vagasi iendayo kwenye kongosho huongeza mipigo, na kongosho huhimizwa kutoa insulini. Wakati huo huo, neva iendayo kwenye tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, hupunguza mipigo. Habari ilipanda kwa vagasi, ikapimwa, na amri ikashuka kwa vagasi. Wewe mwenyewe huna habari. Uko darasani unasinzia.

Habari nyingine hupanda juu zaidi, mpaka haipothalamasi, ambako mambo ya njaa, kiu na joto la mwili hupangwa.

SI SUKARI PEKE YAKE

Lango la ini hupima pia maji na chumvi. Mwaka 1976 Adachi, Niijima na Jacobs walieleza kuwa neva ya ini ya panya hubadili mipigo yake kufuatana na jinsi damu ilivyo nzito au nyepesi kwa chumvi. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani, Ichiki na wenzake, walionyesha katika panya wadogo kuwa eneo la vena potali ni mahali muhimu ambapo vagasi hupata habari za maji yaliyonywewa. Basi ukitoka uwanjani, ukanywa kikombe cha maji na kiu ikapungua kabla maji hayajaenea mwilini, kumbuka kuwa mdomo na koo vimesema, na lango la ini nalo limesema.

Hata maradhi hutangazwa hapo. Mwaka 1996 Niijima alieleza kuwa kemikali moja inayotolewa na mwili wakati wa maambukizi, iitwayo intalukini-1, huongeza mipigo ya neva hiyo. Ile hali ya kukosa hamu ya chakula ukiwa na homa haitokani na uvivu, jamani. Ubongo umepewa taarifa.

TUSIKUZE MAMBO

Mwanafunzi mzuri hachukui jambo moja akalifanya ufunguo wa kila kufuli. Mwaka 1963 Thomas Starzl wa Marekani alijaribu kwa mara ya kwanza kumpandikiza mtu ini la mtu mwingine, na mwaka 1967 wagonjwa wake wakaanza kuishi muda mrefu. Ini linapopandikizwa, neva zake hukatwa na haziungwi. Na bado mtu huyo hula, hushiba, na huishi. Maana yake ni kwamba ubongo una njia nyingine: damu yenyewe, homoni, tumbo, utumbo, na zile chembe zinazoonja.

Tena, "tawi la ini" si la ini tu. Baadhi ya nyuzi zake huenda kwenye mwanzo wa utumbo mwembamba na majirani wengine. Katika panya, nyuzi chache sana za habari huingia katika nyama ya ini lenyewe. Nyingi ziko kandokando ya vena potali na mifereji ya nyongo. Kwa hivyo nikisema ini linasema, mjue anayesema hasa ni bawabu wa lango.

KWA NINI JIRANI HAKUAMBIWA?

Turudi bwenini. Mwaka 1991 Donovan na wenzake wa Marekani walishusha sukari ya mbwa mwilini mzima, lakini wakaingiza glukosi langoni ili ini lidhani mambo ni shwari. Adrenalini, ambayo ndiyo huleta jasho, kutetemeka na moyo kudunda, ikatoka kidogo kuliko kawaida. Bawabu alidanganywa, na king'ora hakikulia sawasawa. Baadaye walipata kuwa vipokezi vyenyewe viko katika kuta za vena potali, na kwamba ujumbe wa king'ora hiki hasa hupitia neva za uti wa mgongo badala ya vagasi. Waligundua pia, kwa panya, kuwa sukari ikishuka polepole, bawabu wa lango ndiye mwenye kazi kubwa. Ikishuka kwa ghafla, ubongo hujigutusha wenyewe.

Sasa chukua mtu aliyejidunga insulini, akacheza mpira, akala kidogo, akalala. Misuli yake inaendelea kunyonya sukari usiku. Insulini ikishaingia mwilini hairudishwi na hukumu yoyote ya shina la ubongo. Usingizi nao hupunguza ukali wa king'ora. Na ubaya zaidi ni huu: mtu akishukiwa na sukari mara kwa mara, mwili huzoea, na dalili za onyo hupungua mpaka akawa hahisi kitu. Kimya cha namna hii hakina habari njema. Lakini kuna tumaini. Watu wa aina hii wakisaidiwa kuepuka kushuka huko kwa majuma kadhaa, aghalabu dalili huanza kurudi. Jirani na daktari wake wako kwenye kazi hiyo sasa.

Basi mwenzako mwenye kisukari akianza kutoa jasho, kutetemeka, kuongea ovyo, au kuvaa viatu mguu usio wake, usifanye nilivyofanya mimi. Kama anaweza kumeza, mpe sukari vijiko vidogo 3 au 4 katika maji, au karibu nusu gilasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Baada ya dakika 15 apimwe tena, na akiwa bado chini apewe tena. Akishapata nafuu ale chakula. Kama amezimia au hawezi kumeza, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, ita mtu mzima, apelekwe hospitali mara moja.

TAMATI

Nilisema mwanzoni kuwa sikuleta kitendawili. Nilidanganya kidogo. Mimi na Jirani tumefanya mapatano. Kila asubuhi kengele ikilia, kabla sijashuka kitandani, husema, "Kitendawili!" Naye lazima ajibu, "Tega!" Akijibu, namtegea chochote, hata kile cha nyumba isiyo na mlango, tunaendelea na siku. Asipojibu, sicheki. Mkono wangu huenda moja kwa moja kwenye sanduku, ambako kuna pakiti ndogo ya sukari isiyoguswa kwa chai wala uji.

Tangu tuanze, ameshindwa kujibu mara moja tu. Sukari ilikuwa karibu.

MASWALI YA MARUDIO

1. Kwa nini lango la ini ni mahali pazuri pa kupima sukari kabla haijafika mwili mzima?
2. Eleza kinachotokea kwa mipigo ya neva ya ini (a) glukosi ikiongezeka, (b) glukosi ikipungua.
3. Chembe ya shina la ubongo inawezaje kuongeza mipigo ilhali neva ya ini imepunguza yake?
4. "Chembe ya kiini soliteri ni hakimu." Jadili.
5. Mwenzako wa bwenini ana kisukari na ameanza kuongea ovyo. Utafanya nini dakika 15 za kwanza?

Majibu yasiletwe kwangu. Mjibiane bwenini.